Wasomaji Wanauliza: Ardhi, Deni na Maskini katika Torati

*Ndugu wahariri, shikamooni. Kwenye jumuiya yetu tulisoma Mambo ya Walawi sura ya 25, tukabishana hadi usiku. Wengine wanasema Mwisraeli hakuruhusiwa kuuza shamba. Wengine wanasema aliuza, ila lilirudi mwaka wa yubile. Kama lilirudi, nani angekubali kulinunua?*
*Mkulima wa machungwa, Muheza*

Marahaba. Aliuza, ila hakuuza udongo. Aliuza mavuno. Huko Muheza mtu mwenye shida humwachia mnunuzi michungwa yake kwa misimu kadhaa. Mnunuzi huchuma, msimu wa mwisho ukiisha anaondoka, na shamba linabaki kwa mwenyewe. Sura hiyo ya 25 inasema hivyo hivyo: bei ifuate idadi ya mavuno yaliyobaki hadi yubile, yaani mwaka wa 50. Miaka ikiwa mingi bei inapanda, ikiwa michache inashuka.

Tufanye hesabu. Sura ya 27 inakadiria shamba linalopandwa homeri 1 ya shayiri kuwa na thamani ya shekeli 50 za fedha (shekeli ni kipimo cha uzito) kwa mzunguko mzima. Homeri ni efa 10, na efa ni kama lita 22, debe moja na kidogo. Kwa hiyo tunazungumzia shamba la mbegu madebe 11 hivi. Kadirio hilo liliwekwa kwa mashamba ya wakfu, si ya sokoni, lakini linatupa namba: kama shekeli 1 kwa mwaka. Mtu akiuza ikiwa imebaki miaka 30, anapata shekeli 30. Baada ya miaka 12 akipata fedha, harudishi 30. Mnunuzi ameshalitumia shamba miaka 12, kwa hiyo anarudishiwa 18, na hana haki ya kukataa. Ndugu wa karibu pia aliweza kulikomboa kwa hesabu hiyo hiyo. Asipotokea ndugu na mwenyewe asipopata kitu, yubile inalirudisha bure.

Kwa hiyo mnunuzi hakuwa mjinga. Alikuwa mtu mwenye ng'ombe wa kulimia na mbegu za ziada, akanunua mavuno kwa bei ya mavuno. Ugumu ulikuwa upande wa muuzaji. Aliyepata njaa mwaka wa 47 alikuwa na mavuno machache tu ya kuuza, na fedha hiyo haimfikishi mbali. Huyo alihitaji mkopo, nao tutaufikia kwenye barua inayofuata.

Nyumba ilikuwa na sheria yake. Ikiwa ndani ya mji wenye ukuta, muuzaji alipewa mwaka 1 tu wa kuikomboa. Ukipita, imekwenda moja kwa moja. Nyumba ya kijijini ilihesabiwa pamoja na shamba, ikarudi. Sababu haikuandikwa, lakini kwetu inaonekana wazi: nyumba ya kijijini ni ya mtu anayelima, na mkulima asiye na pa kulala jirani na shamba lake hana shamba.

Msingi wa yote ni mstari wa 23: ardhi ni ya Mungu, na Waisraeli ni wageni wake juu yake. Mtanzania halioni ajabu hilo. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Sisi tuna haki ya kuitumia. Tofauti ni kwamba kule hata mfalme alikuwa mgeni. Ndiyo maana Ahabu, kwa ufalme wake wote, alipolitaka shamba la mizabibu la Nabothi kule Yezreeli na kukataliwa, hakuwa na njia ya halali ya kulichukua. Yezebeli alilazimika kutafuta mashahidi wa uongo ili Nabothi apigwe mawe.

*Assalaam aleikum. Hapa mjini mikopo ya kausha damu imetumaliza. Ukichelewa rejesho moja wanaingia ndani, wanabeba friji, godoro, hata cherehani unayotafutia riziki. Mimi ni Muislamu na naamini Torati iliteremshwa na Mwenyezi Mungu. Naomba kujua ilisema nini juu ya riba na rehani.*
*Mshonaji, Bagamoyo*

Waaleikum salaam, dada yetu. Neno moja la Kiebrania kwa riba, *nesheki*, linatokana na kitenzi cha kuuma, kama nyoka anavyouma. Waliolitumia na walioita mikopo hii kausha damu waliona kitu kimoja.

Torati inakataza kumtoza riba Mwisraeli mwenzako, iwe ya fedha, ya chakula au ya kitu chochote. Mgeni aliruhusiwa kutozwa, na hatuna sababu ya kuficha hilo. Rehani yenyewe iliruhusiwa, lakini iliwekewa mipaka mikali. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inasema mkopeshaji asiingie nyumbani kwa mdaiwa. Asimame nje, mdaiwa aingie mwenyewe, achague cha kutoa, amletee. Huyo anayeingia kwako akachagua godoro angekuwa mkosaji tangu alipovuka kizingiti.

Kisha inataja vitu visivyoguswa. Cha kwanza ni mawe ya kusagia, hata lile la juu peke yake. Mawe yalikuwa mawili: la chini kubwa limetulia, la juu dogo hushikwa kwa mikono na kusukumwa mbele na nyuma juu ya nafaka. Ukichukua la juu, ambalo ndilo jepesi kubeba, la chini halina kazi, na unga wa siku hiyo haupo. Sheria inasema anayefanya hivyo amechukua uhai wa mtu kuwa rehani. Cherehani yako iko hapo hapo, dada. Nguo ya mjane nayo haishikwi kabisa. Vazi la maskini mwingine likishikwa, lirudi kabla ya jua kuzama, kwa sababu ndilo shuka lake la usiku. Rehani ya kurudishwa kila jioni haimfaidii mkopeshaji kitu, na tunaamini ndivyo ilivyokusudiwa.

Kuhusu vazi tunao ushahidi wa nje ya Biblia. Mwaka 1960, kwenye magofu ya ngome ya Mesad Hashavyahu, pwani ya Bahari ya Kati, kilipatikana kigae kilichoandikwa kwa wino mwishoni mwa karne ya 7 kabla ya Kristo. Ni malalamiko ya mvunaji kwa mkuu wa ngome. Anasema alivuna, akapima, akaweka ghalani kama alivyopangiwa, ndipo Hoshayahu mwana wa Shobay akaja akamchukulia vazi. Anataja mashahidi: ndugu zake waliokuwa wakivuna naye kwenye jua kali. Anaomba vazi lirudi. Hanukuu Torati mahali popote, lakini anaandika kama mtu anayejua kwamba vazi la mvunaji halizuiliwi hivi hivi, na kwamba mkubwa anaweza kuambiwa hivyo.

Kila mwaka wa 7 madeni yaliachiliwa. Hapo ndipo palipoharibika. Sheria yenyewe iliona tatizo mapema, ikamwonya tajiri asimnyime ndugu yake mkopo kwa kuwa mwaka wa 7 umekaribia. Onyo halikutosha. Karne nyingi baadaye, siku za Hillel, mwalimu wa sheria wa Kiyahudi, wenye fedha walikuwa wamefunga mikono, na maskini hapati hata mbegu za kupanda. Hillel akaweka utaratibu ulioitwa prozbuli: mkopeshaji anaandika mbele ya mahakama kwamba madeni yake yako chini ya mahakama, atayadai wakati wowote. Mkopo ukapatikana tena, na msamaha wa mwaka wa 7 ukabaki karatasini. Ukifuta deni bila kuhakikisha mkopo wa kesho utatoka wapi, anayeumia kwanza ni yule yule uliyetaka kumwokoa.

Kwenye Qurani unalijua agizo la Sura ya Al-Baqara aya ya 280, kwamba mdaiwa mwenye dhiki angojewe hadi apate wasaa. Linakutana na ile sura ya 24 ya Kumbukumbu la Torati bila taabu.

*Baba yetu amefariki, tumebaki mabinti watupu na mama. Baba wadogo wanasema shamba la minazi ni la ukoo. Hayo ya kwenye Biblia yalikuwaje?*
*Binti, Pangani*

Poleni sana kwa msiba. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, mabinti watano wa Selofehadi, walisimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari na wakuu, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike kwa kukosa mwana. Wakapewa haki. Utaratibu ukawa huu: mwana wa kiume, asipokuwapo binti, asipokuwapo ndugu wa marehemu, kisha baba zake wadogo na wakubwa, kisha jamaa wa karibu. Baadaye waliwekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila lao ili shamba lisihame.

Angalia nani hayumo: mjane. Ndiyo sababu anatajwa kila mahali pengine, kwenye zaka ya mwaka wa 3, kwenye mganda uliosahauliwa shambani, kwenye zeituni zilizobaki mtini baada ya mwenye shamba kupiga matawi mara moja. Ruthu, naye mjane, alipookota nyuma ya wavunaji wa Boazi, jioni alipura akapata kama efa 1 ya shayiri, kile kile kipimo cha debe na kidogo. Lakini anayeokota anategemea msimu na moyo wa mwenye shamba. Shamba lenu ni jambo la sheria ya Tanzania, si la Torati. Msitie saini wala dole gumba popote kabla mirathi haijafunguliwa mahakamani.

*Je, yubile iliwahi kutekelezwa hata mara moja?*
*Mwanafunzi, Tanga mjini*

Vitabu vya historia vya Biblia havisimulii hata yubile moja. Wanachosimulia manabii ni kinyume chake: Isaya analia juu ya wanaounganisha nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba hadi nafasi inakwisha, Amosi juu ya wafanyabiashara wanaopunguza efa na kuongeza uzito wa shekeli. (Wakulima wetu wanaoibiwa kwa lumbesa wanaujua wizi huo kutoka upande wa pili, ambako mnunuzi ndiye anayekuza kipimo.)

Hata mkombozi wa ukoo aliweza kukwepa. Kwenye lango la Bethlehemu, mbele ya wazee 10, jamaa wa karibu alikubali kulikomboa shamba la Naomi, mama mkwe wa Ruthu. Aliposikia kwamba linakwenda pamoja na kumwoa Ruthu, na kwamba mtoto atakayezaliwa atalirithi, akavua kiatu na kumwachia Boazi. Angelipa fedha, kisha shamba liende kwa mwingine. Mfumo ulitegemea mtu akubali hasara.

Palipofanikiwa palikuwa na mtu mwenye mamlaka aliyeanza na nyumba yake. Siku za Nehemia, katikati ya karne ya 5 kabla ya Kristo, watu walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka, wengine wamekopa kulipa kodi ya mfalme wa Uajemi, na binti zao wameshaingia utumwani. Nehemia alikiri hadharani kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha. Akataka mashamba yarudi siku ile ile, pamoja na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Hakuridhika na ahadi: aliwaita makuhani, akawaapisha wakopeshaji, kisha akakung'uta pindo la vazi lake mbele ya mkutano, akisema asiyetimiza naye akung'utwe vivyo hivyo.

*Nimenunua kiwanja kwa karatasi ya mkono. Watu wa kale waliandikianaje?*
*Msomaji, Bagamoyo*

Yeremia sura ya 32 ina kila hatua. Alinunua shamba la Anathothi kwa binamu yake Hanameli kwa shekeli 17 za fedha, karibu gramu 190. Alitia saini, akaita mashahidi, akapima fedha kwa mizani mbele yao. Hati zilikuwa mbili: moja imefungwa kwa muhuri, nyingine iko wazi. Ya wazi husomwa na yeyote. Iliyofungwa ipo ili ikitokea mtu amedai maneno yamebadilishwa, muhuri uvunjwe na hati mbili zilinganishwe. Baruku, mwandishi wake, aliagizwa aziweke zote mbili kwenye chombo cha udongo zisioze. Kwa karatasi yako, ndugu, fanya hivyo hivyo: nakala mbili au zaidi, mashahidi wa pande zote mbili pamoja na majirani wa mipaka, malipo yahesabiwe mbele yao, kisha uende ofisi ya ardhi ya wilaya kabla hujachimba msingi.