Mume wangu hanisemeshi tangu tuliporudi kutoka Uskoti

Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga, na tunaishi Leicester, Uingereza. Mimi ninafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na mwenzangu ni dereva wa gari la kusambaza mizigo. Mwezi wa Septemba nilichukua akiba yangu ya zamu za usiku nikatupeleka Uskoti kwa gari letu kutazama maziwa, na nilipanga kila usiku tulale mji mwingine: Glasgow, Inveraray, Oban, Fort William na Inverness. Mvua ilitunyeshea tangu ziwa la Loch Lomond hadi mwisho, naye akaendesha karibu safari yote kimya. Tulipofika kwenye magofu ya ngome ya Urquhart, kando ya Loch Ness, alikataa kushuka. Nilikwenda peke yangu, na niliporudi nimelowa chapachapa nilimkuta amelala, kiti amekilaza nyuma, viatu vyake vya ngozi vilivyolowa tangu Oban ameviweka juu ya gazeti, na soksi amezitandaza juu ya usukani. Usiku ule tuligombana. Alisema fedha zile zingemfikisha Tanga kumwona mama yake, nami nikamjibu kwamba yeye amezoea kubeba maboksi tu, hajui kutembea. Kesho yake tulirudi Leicester kwa siku moja, na hadi leo, mwezi umepita, ananijibu kwa neno moja moja. Je, amenichoka? Na nikienda tena mwezi wa Mei na rafiki zangu, bila yeye, nitakuwa nimekosea?

Marahaba, mwanangu. Kwa niliyoyasoma, mumeo hajakuchoka. Alikuwa kazini likizo nzima, na hakuna kati yenu aliyelitamka hilo mapema, si wewe wala yeye mwenyewe.

Hebu iangalie safari hiyo kutoka upande wa usukani. Mtu anayeshinda barabarani mwaka mzima alipewa mapumziko ya kuendesha tena, katika barabara asizozijua, huku waipa zikipiga kioo tangu asubuhi hadi jioni. Kutoka Loch Lomond kwenda Inveraray mlipanda njia ya mlima iitwayo Rest and Be Thankful, ambako mvua kubwa huporomosha udongo na mawe kutoka mlimani hadi barabara ikafungwa. Kutoka Fort William kwenda Inverness mlifuata ukingo wa Loch Ness, barabara yenye kona nyingi chini ya miti, ambako abiria hutazama maji na dereva hutazama lori linalomjia. Kisha, baada ya usiku wa ugomvi, akawarudisha Leicester zaidi ya kilomita 700 kwa siku moja. Wewe uliyaona maziwa, japo kwa ukungu. Sidhani kama yeye aliona zaidi ya lami na maji. Kwa hiyo ulipomkuta amelala pale Urquhart, mimi sisomi dharau. Mtu mwenye kukudharau hahangaiki kuanika soksi kwenye usukani. Hiyo ni hali ya mtu ambaye miguu imemganda na macho yamemshinda.

Kuhusu mvua yenyewe, usijilaumu kana kwamba uliileta wewe, lakini pia usiichukulie kuwa bahati mbaya isiyokisiwa. Pepo za magharibi hubeba unyevu kutoka bahari ya Atlantiki, hugonga milima ya upande huo, hupanda, hupoa na kumwaga maji yake palepale. Ndiyo maana baadhi ya milima ya magharibi hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Edinburgh, iliyo mashariki, hupata kiasi cha 700. Fort William iko chini ya Ben Nevis, mlima wa mita 1,345 ambao ndio mrefu kuliko yote Uingereza, na ninyi mliukaribia mwezi wa Septemba, wakati majira ya mvua nyingi yanapoanza kurudi. Mji ulio chini ya mlima kama huo hauwezi kukosa mawingu. Aliyezoea masika ya Tanga, yanayopiga kwa kishindo kisha jua likatoka, huteswa zaidi na mvua hii ya manyunyu isiyotaka kumalizika, kwa sababu kila nusu saa humpa tumaini kisha humnyima. Mvua ya namna hiyo huchosha hata wanaopendana.

Sasa nikuambie kilichonikaa moyoni katika barua yako. Ile sentensi kuhusu maboksi umeiandika kwa mstari mmoja ukapita haraka, na mimi naamini mwezi huu mzima wa ukimya umejengwa juu yake. Maboksi hayo ndiyo yanayolipa kodi ya nyumba yenu pamoja na zamu zako za usiku. Mwanamume aliyetoka Tanga akaishia kupandisha ngazi na mizigo ya watu katika baridi ya Leicester hujiuliza mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu, kama amepanda au ameshuka katika maisha. Na siku mkewe anapoitumia kazi hiyo kama tusi, husikia jibu la swali alilokuwa akiliogopa. Najua hukukusudia kufika huko. Ulikuwa umelowa, umetumia akiba yako, umetembea peke yako katika magofu uliyoota kuyaona na mwenzako. Hata hivyo neno hilo lilitoka kinywani mwako, na wewe ndiye wa kulirudisha.

Mumeo naye simwachii. Aliikubali safari, na kama hakuitaka alipaswa kusema siku mlipokuwa mkipanga vyumba, wala si kulitoa Inverness jambo la mama yake ambalo bila shaka alilibeba tangu nyumbani. Fedha zile zilitokana na jasho lako, na kuzitaja kana kwamba zimepotea kulikuwa kukuumiza bila haki. Kumnyima mke mazungumzo kwa mwezi mzima ni kumwadhibu, na adhabu hiyo imezidi kosa. Yote haya unayo haki ya kumwambia, ila usianze nayo.

Chagua siku ambayo hana zamu kesho yake, mkiwa mmekwisha kula, na simu zote mbili ziwe mbali. Anza kwa kumshukuru kwa kuendesha, na umtajie mahali, si kwa ujumla: ule mlima, ile barabara ya Loch Ness, ile siku moja ya kurudi. Kisha lirudishe lile neno kwa jina lake, umwambie, "Nilikosea niliposema umezoea kubeba maboksi, na ninakuomba radhi." Usiongeze "lakini". Unyamaze, umwachie nafasi hata kama kimya kitakuwa kirefu, kwa maana wanaume wengi wa kwetu hawakufundishwa kupokea radhi kwa haraka.

Akishafunguka, muulize habari za mama yake: afya yake ikoje, mara ya mwisho alimwona lini, na anaogopa nini. Nina shaka kwamba chini ya mvua yote ile kulikuwa na mtoto anayehesabu umri wa mama aliye mbali. Kama ndivyo, jambo la Tanga lipangiwe bajeti yake kwa tarehe na kwa kiasi, mchangie wote wawili, na lisishindanishwe tena na likizo yenu, kwa sababu kila safari mtakayoifanya huku deni hilo la moyo halijalipwa itaonekana kwake kama ya anasa.

Ama safari ya Mei na rafiki zako, haina ubaya wenyewe. Mei na Juni huwa ni miezi yenye nafuu ya mvua katika milima ile, na mke kutembea na wenzake kwa makubaliano na mumewe si aibu. Usiitangaze sasa tu, wakati bado hamsemezani, maana ataisikia kama tusi la pili.

Ikiwa mtapatana na mkataka kurudi pamoja, mwondoe kwenye usukani. Reli ya kutoka Glasgow kwenda Fort William, iliyofunguliwa mwaka 1894, huchukua karibu saa nne, hupita ubavuni mwa milima inayotazama Loch Lomond, kisha hukata nyika ya Rannoch, ambako kuna kituo kiitwacho Corrour kisichofikiwa na barabara yoyote ya umma. Kwa mara ya kwanza naye atakaa dirishani mkono wake ukiwa ndani ya wako. Au lengeni upande wa mashariki zaidi, mji wa Pitlochry, unaofikika pia kwa treni na wenye mvua chache kuliko Fort William, mkae siku tatu mahali pamoja. Pale kuna bwawa la umeme lililojengewa njia maalumu ya samaki aina ya samoni kupandia, na mvua ikizidi mnarudi chumbani kwa miguu bila kufungasha mizigo. Mnunulie kwanza viatu visivyopitisha maji, kwa sababu hilo la Oban nimelisikitikia kweli.

Iwapo utaomba radhi na wiki mbili zikapita bila yeye kulainika, mtafuteni mtu mmoja anayeheshimiwa na pande zote, mjomba au rafiki mkubwa wa mumeo, akae nanyi ana kwa ana au kwa simu ya picha. Awe mmoja tu, na habari hii isifike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nami ningependa uniandikie tena, hasa uniambie mama mkwe anaendeleaje.