Dogo, kabla hujasaini urubani wa jeshi uliza saa inaanza kuhesabu lini

Juzi dogo mmoja wa Kibongo yuko Texas kanitumia meseji, "kaka nimechaguliwa urubani wa helikopta jeshini, nisaini?" Nimekaa nayo siku mbili maana imenitonesha kidonda.

Mimi nilisaini 2021. Kuna mshkaji alinitangulia jeshi hilihili la nchi kavu la Marekani, yeye alipewa miaka sita ya lazima jeshini, basi nikajua na mimi ni sita, karatasi hata sikuisoma vizuri, macho yako kwenye picha ya helikopta ya Black Hawk ukutani. Kumbe toka Oktoba 2020 walishabadilisha, ukiingia shule ya urubani unadaiwa kumi. Na hiyo kumi haianzi siku unasaini wala siku unakanyaga Fort Rucker, kambi ya shule ya urubani kule Alabama, inaanza ukimaliza kozi. Alabama yote ile, joto, kusubiri darasa miezi, kuzamishwa bwawani ndani ya kibanda kinachopinduliwa miguu juu ujifunze kutoka helikopta ikianguka majini, haimo.

Siku ya kuvishwa mabawa, ile beji ya kuhitimu urubani, mama ndo alinibandika, mikono inamtetemeka mpaka pini ikanichoma, ananinong'oneza, "Sasa imebaki minne, eh?" Alishatoa miwili kwenye sita. Nikamwambia mama, leo ndo siku ya kwanza ya kumi. Akafunga mkoba wake, kimya.

Kwa hiyo dogo soma karatasi. Uliza saa inaanza lini, halafu uliza kama deni jipya linaenda sambamba na la zamani au linapangwa nyuma yake, hapo ndo watu wanaliwa. 2023 marubani maofisa zaidi ya 600 waliambiwa bado wanadaiwa miaka mitatu, ile waliyoahidi wakiwa makadeti ili wapewe tawi la anga, wenyewe walijua imeshaisha humohumo ndani ya mingine. Na hao ni wasomi! Ukiitwa kozi nyingine pia, ya ukufunzi au kuhamia ndege nyingine, usirukeruke, soma karatasi kwanza.

Kuruka sijutii, nisieleweke vibaya. Ila mshkaji wangu yuko ndege za abiria sasa, na kule foleni ya kupanda inafuata tarehe ya kuajiriwa, mimi nikifika 2033 yeye keshakuwa mbali.

Nitumie huo ukurasa wa miaka unayodaiwa, namba zako ficha. Niko porini mazoezini mpaka Jumapili, nikirudi nausoma nakupigia, usisaini kabla.