PhD ya uhandisi kemikali Marekani: maksi zitakuingiza, ila kutoka unatoka kwa mdomo

Kitu ambacho watu wengi nyumbani hawaniamini nikiwaambia ni kwamba Marekani huhitaji masters ndo uanze PhD ya uhandisi kemikali. Unatoka na digrii yako ya kwanza pale CoET (chuo cha uhandisi cha UDSM) au Moi, unaomba, ukipata unaingia moja kwa moja, ada inalipwa na idara au na prof, halafu unapewa posho ya kuishi na mara nyingi bima ya afya. Wala sio skolashipu ya kuombewa na wakubwa, ndo mfumo wenyewe ulivyo kwenye idara nyingi za kule, mwanafunzi wa PhD anafanya kazi labu na kusaidia kufundisha, basi analipwa. Uholanzi au Sweden ni hadithi nyingine, kule wanataka uje na masters, unaajiriwa kwa mkataba wa kama miaka minne na kozi ni chache. Mimi naongelea Marekani maana ndo nilikosomea, chuo cha serikali huko kati-magharibi kwenye mahindi na baridi, na hesabu ya kawaida ni miaka mitano, wengine sita.

Sasa sisi tumelelewa na mitihani bana. Unatafuta past paper, unakariri, unapiga UE, ukiteleza unasapu, maisha yanaendelea. Ukienda PhD na akili hiyo utateseka, maana hatua karibu zote za programu ni watu wamekaa mbele yako wanauliza kwa nini ulifanya hivi na sio vile, wewe unajieleza. GPA ya digrii ya kwanza ikishakufikisha mlangoni hakuna anayeitaja tena.

Maombi nitapita haraka. Madirisha mengi yanafungwa Desemba, barua tatu za walimu wanaokujua kweli (sio mkuu wa idara ambaye hajui hata sura yako), GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu, idara nyingi zimeufuta siku hizi, na ada ya maombi ukimwandikia mratibu wa idara mapema kwa adabu mara nyingi wanakusamehe, hii watu hawaulizi kabisa wanaishia kuomba chuo kimoja tu. Majibu yanaanza kutoka Januari, Februari, na ukipata nafasi yenye ufadhili vyuo vingi vimekubaliana kukupa mpaka tarehe 15 Aprili kuamua, kwa hiyo usisaini kwa kiwewe. Na kama digrii yako ni ya kemia au umakanika (uhandisi mitambo) usijitoe mwenyewe. Frances Arnold alisoma umakanika na anga pale Princeton ndo akaenda kufanya PhD ya uhandisi kemikali Berkeley, akamaliza 1985, mwaka 2018 akapata Nobel ya kemia. Utapewa kozi za kuziba pengo, utalia kidogo, utavuka.

Nisisahau hela. Unafika Agosti, posho ya kwanza inaweza kuja mwishoni mwa Septemba, na mwenye nyumba anataka kodi na amana siku unayochukua funguo. Nenda na hela ya angalau miezi miwili mfukoni, hata kama ni ya kukopa kwa mjomba. Halafu uliza kabla hujakubali kama posho ni ya miezi tisa au kumi na mbili, na kama kuna vijiada ambavyo ufadhili haugusi, maana vinauma.

Mwaka wa kwanza ni kozi. Popote utakapoenda nguzo ni zilezile, themodinamiki (sayansi ya joto na nishati), uhamishaji wa joto na maada na mwendo wa vimiminika, kinetiki (kasi za mmenyuko) na reakta, na hesabu za kompyuta. Pale MIT kozi hizo zina namba zake kabisa, 10.40, 10.50, 10.65 na 10.34. Wastani wa B ndo sakafu, ukishuka hapo unaitwa ofisini. Somea vizuri ila usiue mwili kutafuta A zote, kwa sababu miezi hiyohiyo ndo kuna jambo ambalo kwenye kijitabu cha masharti ya idara limeandikwa mstari mmoja tu, "mwanafunzi atachagua msimamizi", na kwa maoni yangu lina uzito kuliko yote yanayofuata.

Inakwenda hivi. Septemba na Oktoba maprof wanapanga foleni kuelezea miradi yao, wewe unatakiwa uonane na kadhaa ana kwa ana, halafu unaandika chaguo lako la kwanza, la pili, la tatu, na kabla ya Krismasi idara inatangaza nani kaenda wapi. Watu wetu wanaingia ofisini kwa prof kama wameitwa kwa mkuu wa shule, wanaitikia tu, wanatoka. Kule yeye anakupima na wewe unatakiwa umpime, na hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Muulize hela ya mradi inatoka wapi na inaisha lini. Muulize wanafunzi wake watatu wa mwisho walitumia muda gani kumaliza na sasa wako wapi. Kama ni prof kijana ambaye hajathibitishwa kazini, jua atakuwa labu na wewe kila siku na atakusukuma kwelikweli maana na yeye ana saa yake inakimbia, kama ni mzee mwenye jina jua unaweza kumuona mara moja kwa mwezi na wanaokulea ni maposdoc, yaani watafiti waliokwisha kumaliza PhD. Hakuna bora hapo, inategemea wewe ni mtu wa aina gani.

Halafu, hii ni muhimu, watafute wanafunzi wake bila yeye kuwepo. Kunywa nao chai, waulize nani aliondoka kwenye hiyo labu na kwa nini. Ukiona wanatazamana kabla ya kujibu umeshapata jibu. Nimeona mtu mwenye akili sana anabadilisha labu mwaka wa tatu, anaanza upya na mada mpya, na tatizo halikuwa sayansi hata kidogo. Mada inaweza kubadilika ndani ya labu nzuri, tabia ya bosi haibadiliki.

Baada ya hapo ndo mtihani wa kufuzu, kwenye idara nyingi unakuja kati ya mwisho wa mwaka wa kwanza na katikati ya wa pili. Kuna vyuo ni karatasi za masomo yale ya msingi, kuna vyuo unaandika ripoti ya utafiti unaoanza kuufanya unasimama mbele ya maprof watatu, kuna vinavyochanganya. Kwa kawaida ukifeli unapewa nafasi ya pili, ukifeli tena unaondoka na masters yako. Kwetu ilikuwa ya kusimama.

Labu yangu ilikuwa ya vichocheo, vitu vinavyoharakisha mmenyuko, unaweka unga wa zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo sana) kwenye tyubu nyembamba ndani ya tanuri, unapitisha gesi, unapima kinachotoka. Umepata kasi ya mmenyuko, umechora grafu imenyooka vizuri, unajiona. Swali la kwanza unalopigwa: umejuaje kwamba hiyo ni kasi ya mmenyuko wenyewe na sio kasi ya gesi kujipenyeza kwenye vitundu vya kichocheo? Kuna kigezo cha Weisz na Prater cha tangu 1954 cha kukagua hilo, ila ukitaja jina tu hawakuachi, wanataka useme ungesaga chembe ndogo zaidi uone kama kasi kwa kila gramu inapanda, au ungeongeza mwendo wa gesi na kiasi cha kichocheo kwa pamoja ili muda wa gesi kukaa mle ndani usibadilike. Swali la pili, kaboni iliyoingia na iliyotoka zinalingana? Kama asilimia 15 haionekani iko wapi, imeganda kwenye kichocheo kama masizi au mashine yako haioni bidhaa fulani? Hapo bado prof wa vimiminika hajafungua mdomo, yeye anaweza kukuchorea tanki lina bomba juu na tundu chini akakwambia haya, niambie litachukua muda gani kuisha.

Siri ya huo mtihani, kama kuna siri, ni kurudi kwenye mizania. Kinachoingia toa kinachotoka, jumlisha kinachozalishwa mle ndani, ndo kinachojikusanya. Sijaona prof anayemnyima mtu maksi kwa kuanza hapo hata kama swali ni la kutisha kiasi gani. Na ongea! Sisi tumefundishwa kwamba mbele ya mkubwa unanyamaza mpaka uwe na uhakika, kule ukinyamaza dakika mbili wanaandika hajui. Sema "jibu silijui, ila ningeanza kwa kudhani joto halibadiliki", utaona sura zinalegea, wanakupa kamba uishike. Njia ya kujiandaa ni moja, tafuta wenzako watatu, chumba chenye ubao, mmoja anasimama wengine wanamkaba bila huruma, na muite mwaka wa tatu mmoja aje kuwakaba zaidi. Kusoma chumbani peke yako usiku hakufundishi mdomo.

Kufundisha kama TA (msaidizi wa mwalimu), mara nyingi mihula miwili, kuna wanaolia wanapoteza muda ila mimi naona ndo mazoezi ya bure ya kujieleza, watoto wa mwaka wa pili hawana huruma na lafudhi yako. Mafunzo ya usalama wa labu nayo usiyachukulie kama ya kusaini tu, baada ya ajali ya UCLA ya 2008 iliyoua msaidizi wa utafiti wa kemia, vyuo vimekuwa vikali na vina haki.

Pendekezo la utafiti linakuja mwaka wa pili au wa tatu, ukilipita unakuwa mtahiniwa rasmi, yaani kilichobaki ni tasnifu. Kamati ni msimamizi wako na maprof wengine watatu hivi, mmoja wa nje ya idara. Wengi wanaandika malengo matatu, na kosa ninaloliona kila mwaka kwa wadogo zangu ni kuyafunga kama mnyororo, la kwanza kutengeneza kichocheo kipya, la pili kukipima, la tatu kukieleza kwa modeli. Kichocheo kikigoma huna PhD. Hakikisha angalau lengo moja linasimama peke yake, la kichocheo kinachojulikana, na useme mbele yao kwamba hiki kikifa nitafanya hiki. Vifaa navyo uviweke kwenye hesabu. Waliokuwa wanategemea mionzi ya APS, mtambo mkubwa wa eksirei pale maabara ya Argonne karibu na Chicago, walijua mapema kwamba mtambo unafungwa Aprili 2023 kwa ukarabati wa kama mwaka mzima, aliyepanga alikusanya data kabla, asiyepanga alikaa anaangalia kalenda.

Kuanzia hapo masharti yaliyoandikwa ni machache ajabu, kuonana na kamati kila mwaka, basi. Ila sharti lisiloandikwa ni machapisho, uliza labuni kwenu wanategemea mangapi, mara nyingi ni matatu yenye jina lako mbele, na uwaulize kamati kila mwaka moja kwa moja "nimebakiza nini ili nimalize?" halafu uwatumie barua pepe jioni ileile kuandika walichosema. Maprof wanasahau, barua pepe haisahau. Mkutano wa kila mwaka wa AIChE, chama cha wahandisi kemikali wa Marekani, kwenye Oktoba au Novemba, nenda hata na bango, waajiri wanazunguka pale na wao pia wanataka kukusikia ukiongea.

Kudifendi kwenyewe, yaani kutetea tasnifu, ni kwepesi kuliko watu wanavyodhani. Saa moja ya hadhara, ndugu wanaingia kwa Zoom kutoka Mbeya wanauliza kama umeshamaliza, halafu mlango unafungwa na kamati. Msimamizi mwenye akili timamu hakuruhusu ufike pale kama hauko tayari. Usumbufu ni wiki zinazofuata, marekebisho, na ofisi ya chuo inayopima pembezo za kurasa kama fundi wa aluminiamu. Kama unataka kufanya kazi kule kidogo, fomu ya OPT (kibali cha kufanya kazi baada ya masomo) unaruhusiwa kuituma kuanzia siku 90 kabla ya programu kuisha, inakupa miezi 12 na wahandisi wanaweza kuomba 24 zaidi, ila mambo ya viza yanageuka kila siku kwa hiyo thibitisha na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako kabla hujapanga tarehe ya kudifendi, sio baada.