Kidaftari cha wifi na lifti ya bure

*Mama Mkubwa, shikamoo. Ninaishi Nkuhungu, hapa Dodoma. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, mwenye adabu zake, hajui lolote la dunia. Likizo ya Juni alikwenda kwa shangazi yake Kongwa, ambaye ni muuguzi. Amerudi na kidaftari kimejaa mambo ya hedhi, mimba, magonjwa, hadi mchoro wa kondomu. Kumbe wifi alimfundisha kwa kutumia ndizi! Mdogo wake wa miaka 11 naye alichanjwa hukohuko chanjo ya mlango wa kizazi, sikuulizwa. Mume wangu nikimweleza anakaa kimya. Mimi binti yangu nimeongea naye sana. Hata nauli simpi ovyo: kuna kijana wa bodaboda hapa mtaani, mstaarabu, anampeleka shule na kumrudisha bure, ananiokolea 4,000 kila siku. Ukurasa wa mwisho wa kidaftari binti kaandika kwa mkono wake: "P2 mwisho saa ngapi?" Je, nimpige wifi marufuku kukanyaga kwangu? — Mama aliyechoka, Nkuhungu*

Marahaba, mama. Pole kwa mshtuko, najua hakuna mzazi anayefurahia kukuta mchoro wa kondomu kwenye begi la mtoto. Pole imeishia hapo. Sasa tuisome barua yako, maana umeiandika wewe lakini sidhani kama umeisoma.

Wifi umemtupia mawe barua nzima. Bodaboda umemsifu kwa sentensi moja, na mimi nimeganda kwenye sentensi hiyo. Elfu nne kwa siku tano ni 20,000 kwa wiki, na mwezi ukiisha ni 80,000. Kijana huyo ana hesabu ya kupeleka kwa mwenye pikipiki kila jioni, na mafuta hapewi bure kituoni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndiyo saa ya pesa kijiweni, na yeye saa hiyo kampa binti yako. Unadhani 80,000 zako zinaandikwa wapi? Zinaandikwa kama deni, na mdaiwa si wewe. Huenda ni kijana mwema kweli, sikatai. Basi mlipe. Mwema atapokea na kushukuru. Akikataa pesa yako wewe mama mtu mzima, akasema "aah, acha tu mama, huyu ni kama mdogo wangu", tafuta usafiri mwingine siku hiyohiyo.

Unasema umeongea na binti sana. Uliongea nini? Nakisia: "Usicheze na wavulana, utapata mimba." Mtoto alicheza rede na wavulana tangu darasa la tatu, mimba hakupata, akajua mama hasemi kweli au hajui asemalo. Tangu hapo maswali yake ameyapeleka kwingine. Bahati yako yamefika kwa shangazi yake. Wahenga waliosema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu hawakumaanisha mzazi peke yake. Kwa watu wetu wengi mambo ya mwili mama hakuyagusa kabisa, yalikuwa ya shangazi, bibi na somo. Wifi yako kafanya kazi aliyozaliwa nayo, tena akiwa na cheti cha uuguzi mkononi. Mume wako kanyamaza kwa sababu analijua hilo na hataki ugomvi wa chakula cha usiku.

Na sidhani kama muuguzi alijaza kurasa zote hizo bila kuandika neno "subiri". Umekuta mchoro, ukaacha kusoma. Hofu kwamba ukimfundisha mtoto utamwamshia hamu haina msingi. Tafiti za nchi nyingi zilizokusanywa na UNESCO zimeonyesha kuwa mafunzo ya aina hii hayawaharakishi vijana kuanza ngono. Kinachowaharakisha ni lifti.

Chukua hesabu ya siku, ambayo nina hakika imo kidaftarini. Wasichana hukariri kwamba yai hutoka siku ya 14. Ukweli ni kwamba hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na hiyo ni hesabu nyingine kabisa. Mwenye mzunguko wa siku 28 zitalingana. Mwenye mzunguko wa siku 24, yai linatoka karibu siku ya 10. Mbegu za kiume nazo huweza kuishi ndani hadi siku 5. Basi aliyemaliza damu siku ya 5, akakutana na mwanaume siku ya 6 au ya 7 kwa kuwa rafiki yake kamwambia siku hizo ni salama, mbegu zitakaa zikilisubiri yai. Msichana wa miaka 16 mzunguko wake bado unayumba, mwezi huu siku 26, mwezi ujao 35. Hana siku anayoweza kuitegemea. Kumwaga nje si kinga ya kutegemea, kuruka ruka na kuoga maji ya chumvi ndiyo kabisa, na "mara ya kwanza haishiki" ni maneno ya mwanaume mwenye haraka.

Magonjwa je? Kisonono na klamidia kwa wanawake wengi huja kimya, bila usaha wala maumivu. Vikipanda kwenye mirija ya uzazi huacha makovu. Miaka kumi baadaye bibi harusi anazunguka kwa waganga akitafuta mtoto, na mama mkwe anasema karogwa. Kaswende huanza na kidonda kisichouma, kinakauka chenyewe baada ya wiki chache, mtu anamshukuru Mungu kumbe ugonjwa umehamia ndani. Mimba ya umri wa binti yako inakuja na hatari ya kifafa cha mimba, na nyonga ambayo haijakomaa inaweza kuleta uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama njiani, na uchungu pingamizi usiposaidiwa haraka huleta fistula, tundu linalovujisha mkojo au kinyesi.

Ndizi imekuudhi. Ndizi haijawahi kumpa mtu mimba. Kufundishwa kondomu ni kujua kwamba unaanza na tarehe ya mwisho, unabonyeza pakiti usikie hewa, huchani kwa meno, hupaki mafuta ya kupikia wala ya kujipaka kwa sababu yanaozesha mpira, unabana chuchu hewa itoke, na huvai mbili kwa kuwa zinasuguana na kupasuka. Pia ni kujua mipaka yake: kirusi cha HPV kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi hupita hata kwenye ngozi ambayo kondomu haijaifunika. Hapo ndipo chanjo inapoingia. Nchi yetu iliianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Inazuia kirusi kisiingie, haikifukuzi kilichokwisha kuingia, kwa hiyo haisubiri mtoto akue. Wifi alipaswa kukupigia simu kabla, hilo nakupa. Simu moja tu. Kosa lake limeishia hapo.

Sasa ule ukurasa wa mwisho, ambao ndio uliopaswa kukunyima usingizi. Jibu la swali lile ni saa 72. P2 ni kidonge cha dharura cha kuzuia mimba baada ya tendo, miligramu 1.5 za dawa ya levonogestreli kwa jumla, na kadiri saa zinavyokwenda nguvu yake inapungua, kwa hiyo saa ya 12 ni bora kuliko ya 60. Hufanya kazi kwa kulichelewesha yai. Likiwa limeshatoka, kidonge kimechelewa. Ukitapika ndani ya saa mbili unarudia. Haitoi mimba iliyokwisha kushika, na mbele ya VVU ni sawa na pipi.

Msichana "asiyejua lolote" kaulizaje saa? Yaweza kuwa yake, ya rafiki, au kasikia shuleni kwa wenzake. Usimrukie. Msubiri mnapochambua mchele, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye ungo, umwambie: "Nimeona swali lako, ni zuri, jibu ni saa 72. Kuna mtu anayelihitaji wiki hii?" Kisha nyamaza. Kunyamaza huko ndiko kutakakokushinda, najua, lakini jikaze. Mficha uchi hazai, na mtoto hatavua mbele ya mtu aliyeshika fimbo.

Akisema ndiyo, na saa 72 hazijapita, mnakwenda kituo cha afya hukohuko na khanga mliyovaa. Mbali na P2, kuna dawa za kuzuia VVU, zinaanzwa ndani ya saa hizohizo 72 na kumezwa siku 28 bila kuruka. Kama siku zimepita, kipimo cha mimba cha mkojo kinaaminika wiki tatu baada ya tendo. VVU mnapima sasa na mnarudia baada ya miezi mitatu, maana kipimo cha mapema huweza kusema hamna wakati wamo. Tangu 2019 sheria inamruhusu mwenye miaka 15 kupima bila saini ya mzazi, lakini mtoto aliyesindikizwa na mama hurudi kuchukua majibu.

Akikwambia alilazimishwa, asioge. Nguo zikunjwe kwenye khanga au karatasi, siyo kwenye mfuko wa nailoni, unyevu unaharibu ushahidi. Kituo cha afya na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako atapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo kwa daktari. Namba 116 ni ya simu kwa mtoto, haina malipo.

Hata akisema hakulazimishwa, sheria haimsikilizi bodaboda. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, aliye chini ya miaka 18 hawezi kukubali, na mkosaji mtu mzima anakabiliwa na miaka 30. Asije mtu na barua ya posa wala ng'ombe wa kuziba midomo. Kumpa mwanafunzi mimba ni miaka 30, kumwoa ni miaka 30, Sheria ya Elimu ilirekebishwa hivyo mwaka 2016. Na likishatokea la kutokea, shule haijaisha: tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani.

Nitoke kidogo kwako, mama, niseme na wachumba wakubwa, maana barua zao zimejaa mezani. Mmeshatambulishana Kondoa na Mpwapwa, mmeshapanga chumba Chang'ombe "tujaribu kwanza". Barua ya posa siyo cheti cha maabara. Kupima VVU mara moja wiki ya kwenda kwa mchungaji au shehe, ili tu karatasi ipatikane, ni kujidanganya kwa mhuri. Pimeni wawili kwa pamoja, acheni kukutana kimwili miezi mitatu, mrudie. Ongezeni kaswende, homa ya ini B na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Ndoa za siku hizi zinatumia milioni kwa ukumbi na hazina nusu saa ya kukaa benchi la maabara, halafu mwaka wa pili kila mmoja anamuuliza mwenzake gonjwa kalitoa wapi.

Turudi Nkuhungu. Wifi usimpige marufuku, mpigie umwombe aje mwisho wa wiki, umchinjie kuku. Jumatatu mpe binti 4,000 zake mkononi, apande daladala au bodaboda yoyote anayoitaka yeye, na wewe mwenyewe upite kijiweni ukamlipe yule kijana za wiki hii huku wenzake wakiona. Na kile kidaftari mrudishie mwenyewe. Usichane ukurasa hata mmoja. Chini ya lile swali lake andika "saa 72", kwa mwandiko wako.