Unataka kwenda kambi ya upasuaji wa watoto? Nenda ukafundishe

Dada mmoja aliyemaliza mafunzo ya kutoa usingizi ameniandikia: "Kaka, hizo kambi za upasuaji wa watoto unaingiaje? Na mimi natamani kujitolea." Nilimjibu kwa kifupi. Jibu refu ni hili, na najua mko wengi mnaolitaka.

Kambi yangu ya kwanza, hapa hapa Dodoma, ilikuwa ya midomo wazi, yaani watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka. Wageni walikuja na timu kamili. Sisi wenyeji tulibeba maboksi, tukatafsiri Kigogo cha akina mama wa Bahi na Mpwapwa, kisha tukasimama ukutani. Watoto walishonwa vizuri, hilo silipingi. Siku ya kufunga ikasomwa idadi, zikapigwa picha, wakaondoka. Muda si mrefu akaja mama na kichanga mwenye tatizo lile lile, akaambiwa asubiri kambi nyingine. Mpaka leo inanikera.

Juzi zamu ya kufundisha ilikuwa yangu. Muuguzi kutoka hospitali ya wilaya alisimama kichwani kwa mtoto kusimamia usingizi, mimi nikakaa nyuma yake. Nikaigeuza skrini ya oksimita, kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, niione mimi tu, yeye asikilize mlio tu, maana oksijeni ikishuka mlio nao unakuwa mzito. Ulipoanza kushuka nilishanyanyuka kwenye kiti. Mkono wake ulinitangulia: akainua taya la mtoto, akakaza barakoa ya hewa, mlio ukapanda. Nikakaa. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kazi ambayo sikuigusa!

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujakubali mwaliko uliza mwanafunzi wako ni nani na yuko wodi gani. Wasipokuwa naye, baki nyumbani. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kuwa watu bilioni 5 hawapati upasuaji salama wanaoumudu kwa wakati. Kwa idadi hiyo utawashona wangapi kwa wiki moja? Fundisha. Tena fundisha kwa mashine ya hospitali ile ile, si uliyokuja nayo na utakayoondoka nayo.

Fundisha na wodini. Mama akiambiwa tu "mtoto asile", kichanga anakesha na njaa mpaka zamu yake mchana, au bibi anamhurumia, anamnywesha uji na upasuaji unaahirishwa. Aelezwe vizuri: chakula kikome muda wa saa 6 kabla ya usingizi, maziwa ya mama muda wa saa 4 kabla, maji matupu muda wa saa 2 kabla.

Na jamani, msipange kambi Januari. Mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili, akina mama wako shambani.

Leseni hakikisha iko hai. Halafu usianze kwa kuwatafuta wageni: waulize mabingwa wa hapo ulipo siku yao ya kupasua watoto ni ipi, uombe kusimama nao. Wageni wakija, watakukuta humo.