Maswali ya Wasomaji: Waya Umeingia, Picha Haionekani

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya sekondari wilayani Korogwe. Shule imepata televisheni bapa ya inchi 43, nami ninataka kuwaonyesha wanafunzi michoro ya moyo na mapafu iliyomo kwenye laptopu yangu ya zamani, ambayo haina tundu la HDMI ila lile la VGA. Nilinunua waya wenye kichwa cha VGA upande mmoja na cha HDMI upande wa pili. Umeingia vizuri pande zote mbili, lakini televisheni inaandika kwamba hakuna mawimbi. Je, laptopu imeharibika?

JIBU: Mwalimu, katika maelezo yako sioni dalili yoyote ya laptopu kuharibika, ninaushuku waya. Tundu la VGA, lililoletwa na IBM mwaka 1987, hutoa picha kwa mfumo wa analojia, yaani umeme unaopanda na kushuka kufuatana na mwangaza wa rangi, ilhali HDMI, iliyoanza mwaka 2002, hupokea picha ya dijitali. Waya mtupu hauwezi kugeuza mfumo mmoja kuwa mwingine, hata kama vichwa vyake vinaingia barabara. Utakumbuka mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, televisheni za zamani zikawa hazina maana bila king'amuzi. Hapa jambo ni lile lile, isipokuwa safari hii kilicho cha zamani ni chombo kinachotoa picha, si kinachoipokea. Inanisikitisha kwamba nyaya za namna hiyo huuzwa bila mnunuzi kuelezwa, kwa maana fedha ya mwalimu haiokotwi.

Kabla hujatumia shilingi nyingine, tazama nyuma ya televisheni. Ukikuta tundu la matundu madogo 15 katika safu tatu, mara nyingi la buluu na lenye maandishi PC, basi waya wa kawaida wa VGA kwa VGA utatosha. Sauti utaipeleka kwa waya mwingine kutoka tundu la spika za masikioni, kwa sababu VGA haibebi sauti kabisa.

Tundu hilo lisipokuwapo, nunua kibadilishaji cha VGA kwenda HDMI chenye waya wa USB wa kukipa umeme na pini ya sauti ya kuchomeka kwenye laptopu. Soma mwelekeo wake kwa makini, kwa kuwa kile cha HDMI kwenda VGA hufanana nacho sana lakini hakifanyi kazi kinyume. Ningekushauri uende dukani na laptopu yako, ukijaribu palepale kwenye televisheni ya muuzaji ndipo ulipe.

Ukishaunganisha, chagua kwa rimoti, kwenye kitufe cha Source au Input, tundu ulilotumia. Kisha, ikiwa laptopu inatumia Windows 7 au toleo la baadaye, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uchague Duplicate ili kinachoonekana kwako kionekane pia darasani. Kingo za picha zikikatwa, tafuta kwenye mipangilio ya picha ya televisheni chaguo kama Screen Fit au Just Scan. Kuhusu njia isiyo na waya, inataka vyombo vyote viwili viwe na Miracast, teknolojia ya mwaka 2012, hivyo kwa laptopu ya umri huo nisingeitegemea.

Mwisho, keti dawati la nyuma kabla ya kipindi na ujaribu kusoma majina ya vyumba vya moyo, maana inchi 43 ni ndogo kwa darasa kubwa. Yasiposomeka, kuza mchoro na uonyeshe sehemu moja baada ya nyingine.