Chipukizi wa miaka 19 ana wastani wa .333: apandishwe daraja?

Swali: Kwenye Out of the Park Baseball, gemu ya kompyuta ya kuendesha timu ya besiboli, nina shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) wa miaka 19, niliyemsajili akiwa na 18. Yuko daraja la A, katika ligi ndogo za kukuzia wachezaji; juu yake kuna A ya Juu, kisha AA. Katika zamu 130 za kupiga ana hiti 41 (mipigo iliyomfikisha besi salama), zikiwemo hom rani 3, besi za bure 7 (alizopewa kwa mirusho mibovu), na ametolewa kwa straiki mara 38. Skauti wangu anampa uwezo wa baadaye 65. Nimrushe hadi AA? Mwaka jana nilimpandisha mwenzake haraka, makadirio yake yakaporomoka.

Jibu: Mwache A kwanza. Huo wastani wa .333 unakudanganya. Zamu 130 ukitoa besi za bure 7 zinabaki 123, na hiti 41 kati ya hizo ndizo zinazotoa .333. Ondoa straiki 38 na hom rani 3, unabaki na mipira 82 aliyoiweka uwanjani. Kati ya hiyo, 38 imekuwa hiti, sawa na .463, wakati kawaida ni karibu .300. Kwa bahati ya kawaida angekuwa na hiti 28 hivi, wastani wa .228.

Straiki ndizo husema kweli mapema. Kutolewa mara 38 ni asilimia 29 ya zamu zake, na besi za bure ni asilimia 5 tu. Warushaji wa AA watamla, na kijana anayeelemewa na daraja hukua polepole.

Sasa fungua viwango vyake. Hiyo 65 ni ya kesho. Wewe tazama vya leo, hasa uwezo wa kukwepa straiki na jicho la kuchagua mipira. Kwenye kipimo cha 20 hadi 80, 50 ndiyo wastani wa ligi kuu. Alama za nyota ambazo gemu humpa usizitegemee sana, maana humlinganisha na wachezaji wengine tu. Subiri zamu 250 hivi. Straiki zikishuka chini ya asilimia 23 na besi za bure zikifika asilimia 8, mpeleke A ya Juu. Usiruke daraja. Kabla ya kumhamisha, kagua nani anashika nafasi ya shotistopu kule. Akikaa benchi siku tatu kwa wiki, umempandisha bure.

Kuhusu mwenzake, usijilaumu haraka. Namba unayoiona ni maoni ya skauti, naye hukosea. Ilinganishe na ripoti ya OSA, yaani skauti huru wa gemu yenyewe. Zote mbili zikishuka, basi kipaji chenyewe huenda kimepungua, na gemu hubadilisha vipaji kwa bahati nasibu pia, hata kwa kijana aliyetunzwa vizuri. Ikishuka ya skauti wako peke yake, ngoja ripoti inayofuata kabla ya kumuuza.

Huyu wa sasa hana sababu ya kuharakishwa. Kwa kuwa alisajiliwa na miaka 18, una misimu mitano tangu asajiliwe kabla ya kulazimika kumwingiza kwenye orodha ya wachezaji 40 wanaolindwa na timu, ili timu nyingine zisimchukue kwenye drafti ya Rule 5, ambako timu huchukua wachezaji wasiolindwa wa timu nyingine.